Ratiba ya Selina binti Remigius Kwenda Alabama

Sogeeni, enyi wachuma kahawa wa Oldeani nanyi wavuna ngano wa Mbulumbulu. Punguzeni redio, ongezeni chai, mpate kusikia jinsi safari ya siku saba ilivyopiganiwa kwa rula na kalamu ya bluu, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, hapa hapa Karatu, na asijeruhiwe mtu isipokuwa daftari.

Siku ile, saa nne asubuhi, mgeni asiyetarajiwa alibisha. Alikuwa mama wa Kimaasai ambaye nyumba ile haikuwahi kumwona, vumbi la njia ndefu ya kutoka Sale limempanda hadi magotini, na kifuani amekumbatia kitu kidogo kilichofungwa katika kipande cha shuka.

“Takwenya, mama,” akasalimu kwa Kimaa aliyefungua mlango.

“Iko. Ndiwe mwalimu wa ndege?”

Ndiye hasa. Ndiye Selina binti Remigius, mwongoza wageni, mwenye jicho lisilochanganya kozi na kipanga, ambaye kwa miaka tisa alikuwa amewaonyesha wageni ndege wa nchi hii bila kuwahi kuona ndege wa kwao. Sasa zamu yake ilikuwa imefika. Mgeni wake wa zamani, Bibi Doroti, mwalimu mstaafu, alikuwa amemwalika Alabama mwezi Aprili, wakati huku ni masika na magari ya watalii yamelala, na huko ni majira ya machipuko. Na kusini kabisa mwa jimbo lile kipo kisiwa ambako, majira hayo, ndege wadogo waliovuka bahari usiku kucha hutua mitini wakiwa hoi, hata mtu aweza kuwatazama kwa karibu kama anavyotazama kuku wake. Selina alikuwa amekitengea kisiwa hicho siku tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kabla ya kurudi nyumbani Jumatatu. Jioni ile, saa kumi na moja, bibi angepiga simu kuipokea ratiba.

Mama yule, jina lake Soila, akaketi, akapewa chai, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na mkufu wa shanga, mweupe na wa bluu.

“Binti yangu Nashipai anasomea uuguzi huko Alabama. Mwaka wa tatu huu sijamwona. Nikasikia mnadani kwamba kuna mtu wa Karatu anakwenda.”

“Ningekuelekeza posta, mama, inafika.”

“Posta naijua. Sitaki posta. Nataka avalishwe na mkono ulioshika mkono wangu.” Akaunyoosha.

Selina, shujaa mwenye moyo laini kama ugali wa ngano, akaushika mkono ule kabla ya kuishika ramani. “Alabama ni Alabama, mama. Nitamvalisha mwenyewe.”

Kutoka pembeni ukasikika mguno. Aliyeguna ni kaka yake, Raphaeli mshika-usukani, mshinda-matope wa barabara zote mbovu.

“Dada, umeangalia ramani?”

Wakaiangalia. Chuo cha Nashipai kilikuwa kaskazini mwa jimbo, kisiwa kikiwa kusini, na kati yake saa sita za gari, kama kutoka hapa hadi Dodoma. Wakampigia Nashipai, naye, baada ya kulia kidogo na kuongea na mama yake kwa Kimaa, akasema yuko zamu hospitalini siku zote isipokuwa Jumamosi.

Hapo vita vikaanza. Raphaeli akasimama akahutubu: “Usisahau geti. Kila penye mgeni pana geti, na geti hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ukikutwa njiani, faini.”

“Alabama si hifadhi, kaka.”

“Nchi yenye utaratibu vile iache jimbo zima bila geti? Wewe umeshaona watalii mahali pasipo na geti?”

Selina akafikiri miaka yake yote tisa. Hakuwahi kuona. Akaandika: Ijumaa, kuondoka saa kumi na mbili alfajiri na lanchi boksi ya kula njiani, kulala kaskazini. Jumamosi, Nashipai, kulala tena, kwa sababu ya geti. Jumapili, kurudi. Akatazama. Kisiwa kilikuwa kimemezwa chote, na mabawa yake.

“Mtumie binti picha ya mkufu,” Raphaeli akasema kwa sauti ya chini. “Mama hatajua.”

Mama Soila alikuwa akinywa chai yake polepole, macho kwenye daftari asiloweza kulisoma.

Selina akainuka. “Ndege wale walivuka bahari kabla ya babu zetu kuzaliwa, na mwakani watavuka tena, nami nisiwepo. Lakini mkono huu umeshikwa leo.”

“Sawa, mheshimiwa,” akasema Raphaeli. “Kaa basi, unatikisa meza.”

Akaketi, akaweka rula, akakifuta kisiwa. Kalamu iligoma mara mbili. Mara ya tatu ikatii.

Saa kumi na moja simu ikalia. Selina akaisoma ratiba yote kwa sauti thabiti, hadi mwisho.

“Selina,” akasema Bibi Doroti, “geti gani?”

Akaelezwa. Bibi akacheka hata mbwa wake akaanza kubweka. “Mwanangu, hapa hakuna geti. Jumamosi ukishamvalisha binti, tunaendesha jioni hiyo hiyo. Siku tatu zote hutazipata, siwezi kukudanganya. Lakini alfajiri ya Jumapili utakuwa kisiwani, hadi adhuhuri, ndipo turudi kwa safari yako ya Jumatatu.”

Raphaeli akatoka kwenda kukagua gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

“Mwanangu yuko mstari upi?” akauliza Mama Soila.

Selina akakiongoza kidole chake hadi Jumamosi. Mama akakiacha pale muda mrefu. Kisha, kama wabarikivyo kwao, akatema mate mepesi juu ya mikono ya Selina na juu ya daftari, na wino wa Ijumaa ukatawanyika.

Ndivyo Alabama ilivyotwaliwa na binti wa Karatu, bila mkuki wala kibali cha geti. Alipoteza siku mbili na nusu za kisiwa, akabakiwa na alfajiri moja, na neno lake zima.