Draiva Yenu Inawakondesha Marehemu Wetu

Bediako Mabango na Picha,
Asafo, Kumasi.
Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kwa Mhandisi Mkuu wa Draiva,
Kampuni iliyotengeneza kadi ya picha iliyomo ndani ya kompyuta yangu.

Ndugu Mhandisi,

YAH: KUMKONDESHA MAREHEMU BILA IDHINI YA UKOO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaokutegemea. Sisi huku ni wazima isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni mtengenezaji wa mabango ya misiba, kazi ninayoifanya miaka kumi na sita sasa. Mtu akifariki hapa Kumasi, kabla jeneza halijachaguliwa picha yake imeshafika kwangu. Mimi ndiye ninayeamua kama juu ya kichwa chake paandikwe "Ameitwa Utukufuni" au "Mshtuko Mkubwa", kulingana na umri, na ni mtoto gani wa ng'ambo atangulie kutajwa. Safari hii marehemu ni wangu mwenyewe. Ni Mama Mkubwa Afrakoma wa Effiduase, dada wa mama yangu. Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka mitano, surua imenimaliza, nikatoka kwake na mashavu. Mazishi ni Jumamosi hii. Bango lake lilitakiwa liwe ukutani tangu Jumanne. Halipo ukutani, na aliyelizuia ni draiva yenu, ile programu inayoiendesha kadi ya picha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Skrini yangu ni ya mtumba, ndefu kwa upana kama benchi la kanisani. Kiwandani waliipangia nukta 2560 kwa upana na 1080 kwa urefu. Kwa kipimo hicho herufi zinabanana, nami nina miaka hamsini na miwili. Kwa hiyo miaka miwili iliyopita niliingia kwenye ukurasa wenu wa mipangilio, pale mlipoandika kwamba mteja anaweza kujiundia kipimo chake, nikajiundia changu: 2160 kwa 1080. Draiva ikakivuta mpaka kikajaza skrini nzima, herufi zikapata upana, kila kitu kikakaa vizuri. Ruhusa mlitoa wenyewe, sikuvunja mlango wa mtu.

2. Tangu siku hiyo draiva imekuwa ikikisahau kipimo changu kila ninapowasha kompyuta. Kila asubuhi nakiandika upya, na kila asubuhi inakipokea kama haijawahi kukiona. Nikithubutu kuongeza kasi ya picha kutoka sitini hadi sabini na tano, skrini inakuwa nyeusi tii, nami nakaa mbele yake dakika nzima nikijiona mwenyewe kwenye giza lile. Sikulalamika. Mvumilivu hula mbivu, nikawa nangoja mbivu zangu.

3. Jumatatu nilitoka kwenda kula fufu. Niliporudi nikakuta draiva imejisasisha yenyewe. Haikuniuliza. Kipimo changu kimefutwa, na nikikiandika naambiwa eti hakikubaliki kwa skrini hii. Ndugu Mhandisi, skrini hii ni yangu. Mimi na yeye tumekubaliana miaka miwili bila mshenga.

4. Sasa nafika kwenye uovu wenyewe. Jumanne niliifungua picha ya Mama Mkubwa, wazee wa ukoo wakiwa wamekaa nyuma yangu ili waikague. Amekonda. Mifupa ya mabega imetokeza, shingo imebaki mishipa, na kitambaa chake cha kente kimening'inia kana kwamba kimeazimwa kwa mtu mwingine. Mjomba wangu Nana Kyeretwie, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, aliisogelea skrini. Kisha akasema, "Bediako, huyu tukimbandika ukutani, watu watauliza alikuwa anakula kwa nani."

Naomba uelewe uzito wa swali hilo. Tumekodi turubai kumi na mbili, bendi ya tarumbeta na jenereta mbili, na tumenunua ng'ombe wawili. Wenye ndimi zao huku wana msemo kwamba kuna watu huanza kulishwa siku ya mazishi yao. Ukoo wetu haujawahi kusemwa hivyo. Mjomba ameamuru nimnenepeshe kwa mkono kabla ya kesho asubuhi, au kazi apewe mtu mwingine, na mimi nikae na wageni, mbali na watoto wa marehemu.

5. Nilimtetea Mama Mkubwa pale pale, maana ushahidi ninao. Kuna binti aitwaye Serwaa, jirani aliyehamia kwake kumsaidia kazi za nyumbani. Kila mwezi kwa miaka miwili Serwaa amekuwa akituma picha ya Mama Mkubwa kwenye namba ya duka, nami nikiifungua kwenye skrini hii hii. Alikuwa amenawiri. Alikuwa na mashavu, mikono imejaa, kifua cha mama mwenye nyumba yake. Ndiyo sababu sikuona haja ya kwenda Effiduase, ingawa ni mwendo wa saa moja na ushee. Mtu hafungi duka, na marehemu wa watu wako foleni, ili akamtazame mtu mwenye afya. Lakini sikuwa mtovu wa adabu. Kila picha niliijibu: "Naona amenona, Mungu ni mwema." Majibu hayo yapo, ishirini na manne, ukitaka nitakutumia.

6. Wala si yeye peke yake. Tangu Jumatatu hiyo mmemkondesha mwalimu wa kwaya aliyekuwa na tumbo lililojulikana mpaka Suame, na mzee mmoja muuza matairi mmemfanya kijana. Mjane wa muuza matairi alipoonyeshwa alisema, "Ndiye, ndiye kabisa," akatia sahihi. Mimi simhesabu. Mjane ana machozi, haoni vizuri.

7. Mmeniharibia pia urafiki. Mchapaji wangu, Agyapong, nimegombana naye miaka miwili yote. Mtu mnene kwenye skrini yangu akipita kwenye mashine yake anatoka mwembamba. Nilimwita mwizi wa nyama za watu mbele ya wateja wake. Yeye hujibu neno moja tu, kwamba anachapa alichopelekewa, na kwamba nikitaka nipime kwa rula. Sikupima. Mtu mwenye jicho la miaka kumi na sita hapimi kwa rula. Sasa nimeanza kushuku kwamba mashine ya Agyapong na draiva yenu wamekuwa wakiwasiliana.

8. Niliandika kwenye dirisha lenu la huduma kwa wateja. Akanipokea mtu aliyejiita Prisila, kama kweli ni mtu. Aliniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha tena. Nilimwambia, dada yangu, kompyuta inawaka, aliyezimika ni Mama Mkubwa. Akasema anasikitika kwa usumbufu. Akanielekeza niwashe kompyuta kwa hali ya usalama, niifute draiva yote, nisafishe mabaki yake, kisha niisimike upya. Nilifanya yote hayo, na kabla ya kuisimika nikaongeza sala fupi kwa hiari yangu. Ilirudi mpya kabisa, na ikamkondesha vile vile. Nilipomweleza, Prisila akanijibu kwamba kwa kipimo cha kiwandani picha inaonekana "kama ilivyo". Nikamuuliza kama amewahi kufika Effiduase. Akaniomba nimpe nyota za huduma nzuri.

Kwa hiyo, Ndugu Mhandisi, kwa heshima zote, ukoo unaomba yafuatayo.

Kwanza, ile draiva ya zamani irudishwe na itangazwe kuwa ndiyo sahihi, pamoja na kusahausahau kwake, ambako tumeshakuzoea.

Pili, mwandike barua yenye muhuri, itakayosomwa kwenye kipaza sauti Jumamosi baada ya wasifu wa marehemu, ikithibitisha kwamba Mama Mkubwa Afrakoma alikuwa mwanamke mnene hadi pumzi yake ya mwisho, na kwamba wembamba wowote utakaoonekana ni kosa la kiwanda.

Tatu, kwa desturi yetu aliyemvunjia marehemu heshima hufika mwenyewe kuomba radhi, na haji mikono mitupu. Tunatarajia ujumbe wenu wa watu wasiopungua watatu, waliovaa vitambaa vyeusi, wakiwa na chupa mbili za pombe ya jini na kondoo mmoja. Kondoo awe mnene. Mkileta aliyekonda tutajua bado hamjarekebisha kitu.

Nne, kama hayo yatawashinda, basi tengenezeni kitufe. Kiwe pale kwenye mipangilio, karibu na mwangaza, nacho kiongeze kilo. Ninawahakikishia kwamba hapa Kumasi pekee mtauza kadi za picha mpaka mchoke.

Sipendi kuwatisha. Ila mjue kwamba mimi ndiye mwenye nguvu ya kuamua mtu akumbukwe na sura gani, na nyinyi pia ipo siku mtahitaji bango.

Nisalimie wahandisi wenzako wote, mafundi, walinzi wa getini na wale wanaowapikia chai. Nisalimie wake zenu na waume zenu. Msalimie Prisila, nimemsamehe, na nyota nitampa tatu. Zaidi ya wote nisalimie mama zenu wakubwa popote walipo.

Ni mimi, katika kuwapamba waliotutangulia,

Yaw Bediako
Mtoto wa marehemu

N.B. Sijaituma bado barua hii, na sasa ni saa mbili usiku. Mchana alifika Serwaa kutoka Effiduase, ameleta vitambaa vya kumvisha marehemu. Alisimama nyuma yangu akaitazama skrini, akafuta macho, akasema, "Hapo umempata, Kaka Bediako. Ndiye."

Nikamwambia hapana, skrini ni mbovu, mtu wa kweli nitamwonyesha sasa hivi. Nilikuwa nimeipata draiva ya zamani kwenye diski ya akiba. Nikairudisha, nikaandika kipimo changu, 2160 kwa 1080, nikafungua picha ile ile. Mama Mkubwa akajaa, mashavu yakarudi. Nikageuka nimtazame Serwaa akifurahi.

Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Akatoa simu yake, akaitafuta picha hiyo hiyo, akaiweka pembeni ya skrini. Nikaitazama ya simu, nikaitazama ya kwangu. Ndugu Mhandisi, kipimo changu ndicho kilichokuwa kikiwavuta watu kwa upana, wote, miaka miwili, na nyinyi Jumatatu mlikuwa mmelirekebisha kosa hilo. Nimeanza kukokotoa ni ndugu wangapi wamelia mbele ya skrini yangu wakidhani wanamwona mtu wao, nikaacha.

Serwaa hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba Mama Mkubwa alikuwa ameacha kula vizuri tangu masika ya mwaka juzi, kwamba yeye Serwaa hakuwa na ujasiri wa kuniandikia mtu mzima kama mimi kwamba njoo, ndipo akafikiri akituma picha nitaona mwenyewe. Akawa anatuma kila mwezi. "Nilikuwa namsomea majibu yako," akaniambia. "Unasema amenona. Yeye akadhani unamtania, anacheka. Mwisho akaniambia nisikusumbue, una kazi nyingi."

Kwa hiyo maombi yote hapo juu nayafuta. Draiva yenu mpya nimeirudisha, na kipimo nimekiacha cha kiwandani, herufi nitazisoma kwa miwani. Kwa Agyapong nimekwenda kwa miguu kumwomba radhi. Amechapa mabango mia mbili saa ile ile na sasa yako ukutani kuanzia hapa Asafo hadi Effiduase, na sikumwongeza Mama Mkubwa hata unywele mmoja.

Nana Kyeretwie ameyaona. Amepiga simu sasa hivi akiuliza ni nani aliyeruhusu atoke vile mbele za watu. Nimemwambia ni mimi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Ndivyo tulivyomwacha, mjomba."