Shindano la Insha la Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Busia, upande wa Kenya.

Miaka arobaini na sita tangu vita vinitoe Tororo. Nilivuka na godoro na vitabu viwili vya baba. Leo nina chumba cha nyuma katika duka la vitenge la binti yangu Rukiyah, mabenchi, na watoto wa mtaa huu wanaokuja jioni kusoma. Tunajiita Kona ya Wasomaji.

Rukiyah anakitaka chumba kwa majora yake. Nimemwambia elimu haina bei. Amesema majora yana bei. Tumekubaliana: mtoto mmoja apate chochote cha kuonyesha kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mabenchi yatoke.

Rahisi. Mtandao umejaa mashindano ya wanafunzi. Olupot, mwalimu mstaafu anayefundisha watoto upande wa Uganda, amebandika vyeti vya wanafunzi wake ukuta mzima. Kama yeye ameweza, basi si kazi ngumu.

Jumatano, 8 Oktoba.

Nimepata masomo ya bure ya kuandika hadithi. Video nzuri, sauti safi. Watoto kimya kabisa. Mwishoni Latifah, binti wa Rukiyah na mjukuu wangu wa gredi ya tisa, ameniuliza kwa adabu kama najua kwamba yule bwana anazungumza Kireno. Nimemjibu kuwa nilikuwa nawafundisha kusikiliza.

Yeye amepata tovuti ya hadithi fupi. Mtoto anasoma, kisha anaulizwa maswali. Amulen, ambaye zamu yake ya kusoma ikifika huumwa tumbo, ameing'ang'ania simu hadi chaji ikaisha.

Shindano nalo nimelipata. Wameandika jioni nzima. Kumbe lilifungwa mwaka 2019. Olupot alikuja kunywa chai, akaiona tarehe. "Mzee Mujib, wewe unakimbia mbio watu wamemaliza, wameoga, wamelala." Sikumwongeza sukari.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Shindano hai. Insha kuhusu mahali unapopapenda. Zawadi ni masomo ya mtandaoni mwaka mzima kwa klabu nzima, pamoja na vitabu.

Nimefungua fomu pale chumbani. Kisanduku cha nchi kikajijaza chenyewe: Uganda. Nikaelewa mara moja. Shindano la watoto wa Uganda tu. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimeandika kwamba Kona ya Wasomaji iko Tororo, nikaweka anwani pekee ya huko ninayoikumbuka: nyumba ya baba.

Latifah alikuwa nyuma yangu. Amesema, Babu, huo ni uongo. Nimemweleza kuwa ni kumbukumbu. Amechukua simu na kutoka nayo barazani; insha yake ataituma mwenyewe.

Jumapili, 19 Oktoba.

Insha ya Latifah imeingia kumi bora. Rukiyah amesoma ujumbe mara mbili, akakunja futi aliyokuwa akipimia chumba. Nilifurahi hadi mstari wa mwisho. Alhamisi jaji atatembelea klabu. Mahali palipoandikwa kwenye fomu.

Nani anaishi nyumba ile sasa? Nimemwaza mtu huyo akifungua mlango na kuulizwa wasomaji wako wapi. Kisha nimejiwaza mimi, mgeni mlangoni kwa baba yangu, nikimwomba sebule. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumanne, 21 Oktoba.

Mpango: kuazima darasa la Olupot na kumwambia jaji kwamba klabu imehama kutoka Tororo. Nimevuka hadi Busia ya pili, ile ya Uganda. Huko huwa nafika. Tororo ndiko sijafika tena.

Olupot amecheka, akajifuta macho, akacheka tena. Akauliza vyeti vyake vitakuwa wapi. Nikasema tutavifunika kwa kitenge. Amekubali kwa sharti moja: niseme mbele ya jaji kwamba Latifah ni mwanafunzi wake. Nimekubali. Sijawahi kuuza kitu kwa hasara kubwa hivi.

Alhamisi, 23 Oktoba.

Asubuhi nimewapanga watoto tuvuke. Latifah amekaa kwenye benchi, hatoki. "Babu, tulia. Anakuja hapa."

Nimemkumbusha anwani. Amesema aliifuta. Alipofika barazani, fomu ilifunguka upya na kisanduku kikasema Kenya. Kinafuata mtandao ambao simu imeshika, na chumba cha nyuma hushika mnara wa Uganda. Mtaa mzima unajua hilo. Ndiyo maana simu zetu tunapigia barazani. Hata mimi. Shindano ni la Afrika Mashariki yote. Imeandikwa juu kabisa ya ukurasa, sehemu ambayo mimi huiruka.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Amesema ningebishana.

Nimekaa kwenye benchi kando yake. Sijawahi kushukuru hivi kwa kutotiiwa.

Jaji, Bi Provia, amekaa kwenye benchi kama mtoto wa klabu. Amulen amemsomea, tumbo zima. Kisha Latifah akasoma insha yake. Mahali anapopapenda ni chumba hiki: harufu ya vitenge vipya, na babu anayesoma kwa sauti kitabu kilichovuka naye mpaka, akifika ukurasa fulani anafuta miwani isiyo na vumbi.

Nimeifuta.

Jioni Olupot amekuja kuuliza tuko wapi. Alifagia darasa tangu alfajiri.

Ijumaa, 31 Oktoba.

Latifah ni wa pili. Chumba ni chetu. Rukiyah amepeleka majora chini ya kitanda chake na kuniletea rafu ya vitabu, bila neno. Kwa Rukiyah, hiyo ni hotuba.

Zawadi zinatolewa Tororo wiki ijayo. Nilimsimulia Bi Provia kuhusu nyumba ya baba; amesema naweza kupitishwa huko nikaone. Nimemshukuru. Latifah ataenda na mama yake, na Olupot kama mwalimu. Ameshautangazia mji mzima kuwa alimfundisha.

Mimi nina kazi. Nimepata shindano jingine, la barua, kwa wanafunzi walio chini ya miaka kumi na sita. Sehemu ya juu ya ukurasa nimeiruka. Nimemsajili Mujib, miaka kumi na mitano, anayependa vitabu. Cheti cha kuzaliwa hawakuomba.

Rukiyah ameuliza tena kama nitaenda nao. Kwenye gari kuna nafasi. Nimemwambia ampe Amulen. Tororo sitarudi.