Vita vya Magoti, Temeke

Jumatatu, 3 Machi 1975
Leo historia ya tiba imeanza, na imeanzia Temeke. Dk. Elinaza, mkuu wa kliniki yetu, ametukabidhi utafiti. Je, mcheza kandanda aliyeteguka goti afungwe plasta ngumu, ile ambayo mitaani huitwa hogo, na kupumzishwa? Au aanze mazoezi mapema? Apolinari, mhitimu mwenzangu mwenye kichwa kigumu kuliko plasta, amepewa upande wa hogo. Mimi nimepewa upande wa mazoezi, yaani upande wa ukweli. Mwenye matokeo bora ataisoma ripoti mbele ya mkutano wa madaktari, Budapest. Nimeanza kujifunza salamu za Kihungari.

Wagonjwa ni makuli wa Kurasini wanaocheza mpira jioni. Wamegawanywa kwa kura. Haki tupu.

Jumatano, 5 Machi
Pigo! Wagonjwa wangu wote wamehamia kwa Apolinari. Nilimwuliza Shomari, nahodha wao, kama amewahi kusoma lolote kuhusu kudhoofika kwa misuli. Hajasoma. Ila amesikia kwamba mwenye hogo husamehewa kulima shamba la ujamaa la Chamazi kila Jumamosi, na mwenye mazoezi hasamehewi. "Ndugu msomi," akaniambia, "dawa yako ina jasho."

Nimetafakari sana. Haiwezekani sayansi ishindwe na jembe. Nimemnong'oneza Shomari kwamba kuanzia sasa wagonjwa wangu nao watasamehewa. Hii si hongo. Ni kichocheo. Wanafalsafa hutofautisha mambo haya waziwazi.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Foleni imefika barabarani. Makuli, wachuuzi wa samaki, fundi cherehani, hata muadhini. Wote magoti! Baadhi waliingia wakichechemea mguu wa kulia, wakatoka wakichechemea wa kushoto. Apolinari alinong'ona kwamba huenda wanatudanganya. Nilimjibu kuwa wivu nao ni maradhi, tena haufungiki hogo. Nimewapokea wote na kuwasamehe wote.

Jumapili, 9 Machi
Jana shamba la Chamazi lilikuwa tupu. Walikuwapo Mzee Kondo, mwenyekiti wa tawi la Chama, mkewe, na kunguru. Jioni ileile wagonjwa wangu waliichapa timu ya Ukonga mabao manne. Nilirukaruka kwa furaha. Ushahidi ulioje wa nguvu ya mazoezi! Kumbe Mzee Kondo alikuwa nyuma yangu, jembe begani, akiona ushahidi wa jambo jingine. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alisema watu wake walikuwa wazima mpaka nilipoanza kuwatibu. Kisha akaniita kupe. Mimi! Niliyeandika insha ya kurasa arobaini dhidi ya unyonyaji!

Jumatatu, 10 Machi
Mzee Kondo alifika kliniki kabla yangu. Dk. Elinaza amenipa neno moja tu: Jumamosi watu wawe shambani, la sivyo ninatoka katika utafiti, na Budapest ni ya Apolinari. Apolinari alikuwa akisafisha miwani yake kwa utulivu wa kuudhi.

Lakini akili iliyosoma haikosi njia. Kulima ni nini, kama si kukunja na kukunjua goti? Jembe ni tiba! Nimewatangazia wagonjwa kwamba Jumamosi mazoezi yatafanyika Chamazi, nami mwenyewe nitaongoza. Chama kitafurahi. Sayansi itafurahi. Wagonjwa hawakufurahi, lakini Mzee Kondo amekwishawapitia nyumba kwa nyumba.

Jumamosi, 15 Machi
Walikuja wote. Hakuna aliyechechemea. Nilipanda juu ya tuta, jembe mkononi, nikawahutubia kuhusu maumbile ya goti. Nilikuwa bado kwenye utangulizi Shomari aliponikatiza: mhadhara tumeshiba, sasa tuoneshe.

Niliwaonesha. Jembe liligonga kisiki cha mkorosho. Mguu ukaingia mtaroni, mwili ukaelekea kwingine, na goti, likikosa kauli moja, likalia ko! Nilipiga yowe. Shamba zima likaangua kicheko. "Haya, msomi, chechemea tukuone!" Niliapa kwamba nimeumia kweli. Mzee Kondo akasema ugonjwa huo anaufahamu, umeingia mtaani tangu wiki iliyopita, na dawa yake niliitangaza mwenyewe. Akaniokotea jembe. Nimelima tuta zima kwa mguu mmoja, nikilia.

Apolinari ndiye aliyenifunga hogo. Alilifunga kwa upendo mkubwa, mshenzi yule.

Jumatano, 19 Machi
Dk. Elinaza amepima upya magoti yote ya upande wangu. Hukumu yake: lililoumia kweli ni moja tu, nalo ni langu. Apolinari anakwenda Budapest.

Vipofu! Hawaoni kilicho mbele yao? Upande wangu wote umepona, wanacheza mpira na kulima. Mgonjwa pekee wa kweli alifungwa hogo, na hadi leo anaumia. Hogo limeshindwa kwa asilimia mia moja! Nadharia yangu imethibitishwa, tena na Apolinari kwa mikono yake mwenyewe.

Nimemwomba Bi Tunu, mwenye nyumba, kisu cha kuparia samaki. Aliuliza nakitakia nini. Nikasema sayansi. Alinitazama, akatazama mguu, akasema shauri yangu, ila nikirudishe kikiwa safi.

Kesho alfajiri nalipasua hogo, nianze mazoezi. Kamba ya kurukia ninayo.