Bi Mize Alivyolisoma Daftari Langu

Leo nimeadhirika. Rukia, Asya, kaeni kitako kwanza. Mkiisoma barua hii mmesimama mtaanguka kwa kucheka, na mimi nataka watu wawili wanisikilize japo kidogo bila ya kucheka. (Najua naomba makubwa.)

Mnajua nilivyofika huku Micheweni. Meli mpaka Wete, njia nzima natapika. Kisha gari, juu ya magunia, mpaka nikadhani tutatokea upande wa pili wa dunia. Nikapewa chumba kwa Bi Chumu, mjane, mtu mzima, mwema sana, lakini masikio yake yamestaafu. Mimi naye tunazungumza kwa mikono. Skuli ni chumba kimoja na mwalimu ni mimi peke yangu. Nikishafunga mlango mchana, sina wa kusema naye mpaka kesho yake.

Watu si wabaya. "Hujambo, Mwalimu," halafu wanapita. Kwao mimi ni mtu wa mjini. Na Kipemba chao kikienda mbio, mimi nabaki kuitika "naam" kwa kila kitu. (Siku moja niliitika "naam" nikajikuta nimenunua pweza mzima. Sijui kupika pweza. Bi Chumu naye hana meno ya kumla.)

Wiki za mwanzo nilikuwa najipima na nyinyi, wenzangu wa chuo cha ualimu. Asya kapata skuli ya mjini, dirisha lake linatazama barabara. Rukia kaposwa. Na mimi je? Mimi nina ndoo niliyoimwaga njiani, kwa sababu ardhi ya huku ni mawe matupu na miguu yangu imezoea sakafu. Kila nikijipima hivyo asubuhi nakwenda skuli nimeinama kama niliyeiba.

Sasa, Bi Mize. Huyu ni mwanafunzi wangu katika kisomo cha kina mama, baada ya alasiri. Ana wajukuu. Kurani anaisoma vizuri kunishinda, lakini hizi herufi za skuli hakuwa anazijua. Mwanawe wa kiume yuko Tanga, na barua zake husomwa na mwenye duka, kwa sauti, mbele ya kila aliyekuja kununua mafuta ya taa. Kijiji kizima kilijua mtoto wa Bi Mize ana majipu, na yalipo, kabla yeye mwenyewe hajamaliza kusikia. Ndipo akaja kwangu. "Mwalimu, nifundishe. Nataka aibu za mwanangu nizijue mwenyewe."

Siku moja akaiweka chini kalamu. "Siendi mbele mimi. Bi Maua keshafika wapi, mimi bado hapa." Basi nikaitoa karatasi yake ya siku ya kwanza, nilikuwa nimeiweka. Nikamwambia, "Usimtazame Bi Maua. Mtazame huyu aliyeandika hapa."

Akaitazama. Akaigeuza juu chini. "Kuku gani kapita hapa?"

"Ni wewe."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaishika kalamu, na tangu siku hiyo hajaiweka chini tena.

Nami nikarudi nyumbani nikajiuliza, mbona dawa hii nawapa watu na mimi mwenyewe siinywi? Nikachukua daftari la buluu. Kila siku kabla ya maghrib nikawa naandika jambo moja au mawili niliyoyaweza leo na siku ya kwanza sikuyaweza. Sikumwandika Asya wala Rukia. Nilijiandika mimi wa leo na mimi wa siku ile. Nimefikisha ndoo nusu. Nimefahamu alichosema mwenye duka bila ya kumwambia arudie. Mambo madogo hivyo. Lakini wallahi, yalinisaidia. Nikifunua kurasa za nyuma naona nimetoka mbali. Nikaanza kutembea nimenyoosha shingo. Nikaanza kuwasalimia watu kabla hawajanisalimia.

Tatizo ni kwamba mtu akiandika bila ya kutarajia kusomwa, huandika kila kitu.

Basi leo asubuhi. Kesho kuna harusi kwa Bi Raya, anamuoza binti yake. Bi Raya ndiye wifi yake Bi Mize, na ndiye mwanamke anayeogopwa kuliko wote hapa. Ana uso wa mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha. Jana akaleta salamu: Mwalimu naye aje kusaidia. Mimi! Tangu nifike sijaitwa kwenye shughuli ya mtu. Nilivaa buibui nikalivua nikalivaa tena. Na daftari nikalitia mkobani pamoja na jingine jipya la skuli, kwa sababu niliogopa nikiliacha nyumbani huenda akatokea mtu akalisoma. (Akili hiyo! Na nimesomea ualimu!)

Uani palikuwa na wanawake kama ishirini, wengine wanapeta mchele, wengine wanakuna nazi. Bi Raya akanisukumia beseni la unga. "Kanda. Wa maandazi." Nikakunja mikono nikakanda kama ninayedaiwa roho yangu. Nilikuwa na furaha hiyo sijaiona tangu nishuke melini. Unga ulinifika viwikoni.

Mara Bi Raya akasema, "Mwalimu, una karatasi? Tuandike nyumba za kupelekewa sinia, tusije tukasahau ntu."

"Liko daftari mkobani mwangu," nikasema, mikono imo ungani. "La buluu."

Yote mawili ni ya buluu.

Bi Mize ndiye aliyekuwa karibu, akalitoa moja. Bi Raya akamtazama, akasonya. "Haya, msomi. Ntu nzima kushika kalamu kama ntoto. Kila siku nasikia Mize anasoma, Mize anasoma. Hebu soma tusikie."

"Hamna kitu humo, wifi, ni daftari ji..." Bi Mize akalifunua. Uso ukamng'aa. "Mna kitu! Mna maandishi ya Mwalimu!"

Nikafunua mdomo nipige kelele. Nikaufumba. Kwa sababu nilimwona. Alikwishasogea mbele, kanyoosha mgongo, kidole keshakiweka juu ya neno la kwanza, na wanawake ishirini wamenyamaza kumsikiliza yeye. Wifi yake kakunja mikono anangoja akwame. Nikimnyang'anya daftari sasa hivi, watasema hajui, Mwalimu kamuokoa. Nikimwacha, nimekwisha.

Nikamwacha.

"Ju-ma-ta-tu," akaanza Bi Mize. "Le-o ni-me-li-a ma-ra mo-ja tu. Wi-ki i-li-yo-pi-ta ma-ra ta-tu."

"Kalia nani?" akauliza mmoja.

"Ni hadithi hiyo," mwingine akamjibu. "Vitabu vya skuli vina hadithi. Endelea, Mize."

Hadithi! Nikashukuru Mungu. Nikainamisha kichwa nikakanda. Labda atachoka. Labda mvua itanyesha.

Hakuchoka. Alikuwa anazidi kupata kasi. "Leo ni-me-sa-li-mu watu sita. Wa-nne wa-me-i-ti-ka. Mbu-zi wa jirani na-ye a-me-i-ti-ka, la-ki-ni si-ku-mhe-sa-bu."

Uani pakalipuka. Mmoja aliangusha mbuzi ya kukunia nazi. "Kasalimiana na mbuzi! Yakhe, huyu mwanamke ana wazimu!" Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote ili nisijulikane. (Jaribuni siku moja kujicheka wenyewe kwa niaba ya mtu mwingine. Mbavu zinauma vibaya.)

"Leo ni-me-ku-la pe-ke yangu te-na. La-ki-ni ni-me-ma-li-za sa-ha-ni."

Hapo kicheko kikafa. Bibi mmoja mzee aliyekuwa na ungo akauliza, "Huyu hana kwao?"

"Wako mbali labda."

"Na majirani je? Hana majirani?"

Mimi nilikuwa naujua ukurasa unaofuata. Nikaomba usifunuliwe. Bi Mize akalowesha kidole ulimini, akaufunua.

"U... u-pwa... u-pwe..." Akakwama. Bi Raya akaguna. Bi Mize akanigeukia, jasho limemtoka. "Nisaidie, Mwalimu. Neno gani hili?"

Wote wakanitazama. Nikalitazama lile neno kutoka mbali, mwandiko wangu mwenyewe, na ile "k" yangu yenye mkia.

"Upweke," nikasema. Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza: "Rudia sentensi nzima." (Ualimu ni maradhi.)

"Upweke leo umepungua kidogo," akasoma Bi Mize, yote kwa pamoja, bila ya kukata. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nilijivuna, jamani. Nilikuwa nakufa na nilijivuna. Naye kwa ile raha ya kusoma moja kwa moja hakusimama, akaingia mstari wa pili mbiombio: "Kwa sababu leo Bi Raya amenitazama bila ya kukunja uso."

Nyungo zote zilisimama. Nazi zikasimama. Hata kuku walionekana wanangoja.

"Bi Raya gani?" akauliza Bi Raya.

"Micheweni yote yuko mmoja," akasema yule bibi mzee.

Macho yakamwacha Bi Raya, yakanijia mimi. Nikaona yanavyofahamu, moja moja, kama taa zinazowashwa. Mtu wa mjini. Anayekula peke yake. Mbuzi wa jirani ni wa yule bibi mzee mwenyewe.

"Endelea," Bi Raya akamwambia wifi yake.

Bi Mize alikuwa ananitazama. Na yeye alikwishafahamu. Akalifunga daftari taratibu. "Yamekwisha."

"Hayajakwisha. Nauona wino."

"Unauona wino, wifi?" Bi Mize akamnyooshea daftari. "Haya, basi njoo uusome wewe."

Umekosa uhondo, Rukia! Umekosa, Asya! Wale wanawake walipiga vigelegele kama bibi harusi kaingia. Bi Raya herufi hizo hazijui. Bi Mize akanirudishia daftari mkobani kwa mkono wake, akalisukuma mpaka chini kabisa.

Mngedhani nimeokoka. Basi nami machozi yakanitoka pale pale, na kwa akili zangu timamu nikayafuta kwa mikono. Ile ile mikono. Nilijipaka unga kutoka paji la uso mpaka kidevuni, na jicho moja likagoma kufunguka. Mwalimu wenu huyo, mbele ya wazazi wa wanafunzi wake wote, ana sura ya andazi bichi.

Aliyeinuka ni Bi Raya. Akashika ncha ya kanga yake akanifuta, bila ya huruma, kama anayesugua sufuria.

"Mwana wa watu, walia chumbani na sisi tupo kuno. Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

"Ungetwambia sisi."

"Ningeanzaje, Bi Raya?"

Alifuta mpaka jicho likafunguka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na uso wangu ndivyo ulivyo. Nilizaliwa nao." Akarudi kwenye sufuria zake.

Maandazi yaliumuka vizuri. Wanawake wawili walinikaribisha kwao, lakini walinikaribisha kwa ile sauti anayosemeshwa mgonjwa. Na habari ilinitangulia njiani. Nilipopita dukani baada ya adhuhuri, mwenye duka aliuchungulia uso wangu juu ya mizani akauliza, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, leo mara ngapi?"

Sasa ni karibu na maghrib. Bi Chumu kaenda kwa Bi Raya kwenye shughuli na nyumba haina sauti. Nimelifungua daftari niandike ya leo, na kalamu imekataa. Leo wamenisalimu wote. Sijui kama ni mimi waliyenisalimu au ni yule maskini wa kwenye hadithi. Niliyokuwa nikiyaandika yalikuwa madogo, lakini yalikuwa yangu. Haya ya leo sijui niyaweke upande gani. Nimeuacha ukurasa mweupe, nikachukua karatasi hii nikawaandikia nyinyi, ambao barua zangu mbili hamjazijibu. (Silaumu. Nasema tu.)

Kitu kimoja hakinitoki. Bi Mize, wakati naondoka, alinifuata mpaka mlangoni, akaniambia, "Nilidhani ni hadithi, Mwalimu. Wallahi nilidhani ni hadithi." Kisha akashindwa kujizuia, akatabasamu. "Lakini nimesoma, sivyo?"

Nikamwambia amesoma. Ukiliacha lile neno "upweke", hakukosea hata herufi moja.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mkipata darasa la watu wazima pokeeni ushauri wangu: somo la kwanza kabisa liwe ni kusoma kimyakimya.