Wimbo wa Kumlaza Kipa

Jumamosi, 4 Mei

Tumefungwa bao moja kwa bila, tena kwetu. Nasema "tumefungwa" kwa sababu kipa ni mwanangu, na mimba yake niliibeba mimi.

Naandika kabla hasira haijapoa. Jukwaa la wageni liko nyuma ya goli, upande wa tangi la maji. Kila timu inayokuja hujaa pale na uchafu wake. Matusi. Chupa zenye maji yasiyo maji. Viti kung'olewa. Mwanangu amezoea. Wameshanitukana mimi mama yake kwa viungo vyote nilivyo navyo na nisivyo navyo, naye hata shingo hageuzi. Nimezaa mwamba.

Leo hawakutukana. Kipindi cha pili, aliposimama mbele yao, walinyamaza. Jukwaa zima kimya, kama nyumba iliyohamwa. Kisha wakafunika midomo kwa viganja, wakaanza kuguna polepole. Mwili ulinisisimka kabla sijajua kwa nini. Halafu wakashusha viganja, wakaimba kwa sauti ya chini, ya upole kabisa:

Fumba jicho, fumba na la pili,
mama yupo, yupo mlangoni.

Huo wimbo ni wangu. Niliutunga mwenyewe nikimbembeleza mtoto, maana alikuwa mgumu wa kulala. Haumo redioni. Mwanangu akageuka kuwatazama, kama mtu aliyeitwa kutoka ndani. Mpira ukampita taratibu, ule wa kusimamisha kwa kandambili.

Kocha amemwambia marudiano ni Jumamosi ijayo, na akizubaa tena glavu zinakwenda kwa Mrefu, kipa wa akiba, na hazirudi. Mrefu! Mikono kama ngazi, na akili kama ngazi.

Jumapili, 5 Mei

Usingizi haukuja. Asubuhi nikaenda uwanjani kumhoji mfagiaji. Nilitaka kujua wageni waliacha nini, pengine karatasi yenye wimbo. Akasema hawakuacha kitu. Hata ganda la karanga. Viti walivipangusa. Amefagia jukwaa lile tangu ana nywele, na heri chupa za mkojo, alisema, zile anazielewa. Leo amefagia upesi na kutoka kinyumenyume, asiligeuzie mgongo lile jukwaa.

Basi nani kauza wimbo? Tunaoujua ni mimi, mwanangu na mkewe, kwani mume na mke hawafichani. Mimi si mtu wa maneno. Mwanangu hawezi kujiuza mwenyewe. Amebaki mmoja.

Nikaenda kwa mkwe wangu, kisingizio ni kukunja pindo za mapazia. Nikazunguka mbuyu weee. Mwisho akaniambia mumewe hajamwimbia chochote, hata bafuni, na habari ya kubembelezwa haijui, maana yeye anamwona akisinzia sahani bado iko mezani. Kisha akauliza eti si mimi ninayeimba kwenye cherehani, dirisha wazi, barabara nzima inasikia? Nikamjibu cherehani yangu ina kelele kuliko mimi. Akasema ndiyo maana unapaza sauti, Mama. Ile "Mama" yake sikuipenda. Ilizidi sukari.

Mchana akaja Dada Miwani, mteja wangu. Sasa huyo ndiye binti wa watu. Anapimwa gauni moja tangu mwezi uliopita, haliishi, leo kiuno, kesho mkono, naye hachoki kukaa kwenye kigoda akinisikiliza. Anapenda zambarau tu. Ni rangi ya wale wageni, lakini maskini hajui mpira. Nimemsimulia yote. Akanipa pole ya moyoni. Akauliza, ukiacha mambo ya usingizi, utotoni alikuwa akiogopa nini. Nikamwambia jogoo. Akavua miwani, akaifuta, akasema jamani.

Jumanne, 7 Mei

Wimbo umeingia mtaani.

Nimemkuta kinyozi akiuguna huku anamnyoa mtu ndevu. Mteja kafumba macho. Anayesubiri zamu kafumba macho. Nikauliza kaupata wapi. Kinyozi akashtuka, wembe hewani, akauliza upi. Nikasema huo unaouimba. Akaapa hakuwa anaimba. Muuza vitunguu vilevile. Fundi viatu vilevile. Wote wanaushusha palepale ninapoushusha mimi, kwenye "mlangoni", mahali pasipo na mtu aliyewafundisha.

Mwanangu alikuja kula. Mtu akapita nje na wimbo. Mtoto akainuka, tonge mdomoni, akaenda kusimama mlangoni. Nikamuuliza unakwenda wapi. Akasema, "Sijui, Mama."

Sikubali. Mtoto huyu alianza kudaka akiwa hajaota meno. Glavu zile ni ugali wake na ni jina langu mjini.

Mpango wa kwanza ulikuwa pamba. Nimechana mto wangu mzuri, nikamziba masikio kabla ya mazoezi, nikashona na kiutepe kwa juu pamba isidondoke. Beki alipiga kelele "niachie!", mwanangu hakusikia, wakagongana vichwa kama mafahali. Kocha amezichomoa zile pamba mwenyewe. Amesema asiione tena familia hii ikishona kitu kwenye mwili wa mchezaji.

Mpango wa pili ni bora, na sijui kwa nini sikuuanza. Wimbo ni kama dawa. Unaua kwa sababu uko mikononi mwa wasioujua. Ukiimbwa na watu wake, mwenyewe akiongoza, utamkinga. Marudiano ni kwao, kwa hiyo wageni safari hii ni sisi. Nimemweleza Spika, kiongozi wa mashabiki wetu, mtu mwenye koo la bati. Amesema shangazi wewe ni kocha uliyepotea kwenye vitambaa. Ni kweli.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeandika hili mara mbili nikalifuta. Niliandike tu.

Njiani niliwafundisha wimbo. Waliushika mara moja, bila kukosea, hata ubeti wa pili nilikuwa bado sijawapa. Nilidhani ni ufundi wangu wa kufundisha.

Jukwaa la wageni kule limezungushwa wavu wa chuma, sisi ndani kama kuku wa kuuzwa. Watu wetu walinitia aibu. Walitema mate kwenye wavu, walitupa chupa, walimwambia kipa wa wenyeji mambo ya mama yake. Mimi si mtu wa matusi. Niliongeza moja tu, la pua.

Mwanangu alipokaa golini, wenyeji wakawika. Uwanja mzima, kama majogoo alfajiri, kisha kimya, kisha tena. Nikamwona akitazama chini, kama jogoo yuko miguuni pake. Lakini alidaka. Akadaka na ya pili. Nikalia kwa fahari.

Ng'ambo, katikati ya zambarau, nani nimwone juu ya ngoma na kijiti mkononi? Dada Miwani. Kumbe amejipenyeza kwa maadui kutusaidia, na gauni langu, nililomkabidhi juzi, limemkaa hilo. Nikampungia. Naye akapunga, kidogo tu, asijulikane.

Kipindi cha pili alikuja kusimama mbele yetu. Bila kwa bila, tunahitaji bao, na asifungwe. Nikainua mkono. Tukaimba.

Sauti zilianza nyingi. Baadaye zikawa moja, na ile moja ilikuwa yangu. Nikafunga mdomo kuhakikisha. Ilikuwa bado yangu. Wenyeji wakapokea upande ule, uwanja wote sasa, polepole, na refa akasimama kama aliyesahau alichokuja kufanya. Spika alikuwa akilia bila kujifuta.

Mwanangu akashusha mikono. Akaupa mgongo mchezo, akatembea mpaka kwenye mlingoti wa goli, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza. Akaugonga tena. Alikuwa anabisha hodi.

Mpira ulipita nyuma yake. Hakuna aliyeshangilia.

Jumapili, 12 Mei

Glavu ziko kwa Mrefu.

Mwanangu amekuja. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia matusi yote ya miaka yote hayakuwahi kumwingia sikioni. "Ila wewe nilikusikia, Mama. Nikakuona umesimama mlangoni, taa iko nyuma yako. Nikataka kuingia nilale." Alisema jana alipofika kwake alisimama nje mpaka mkewe akamshika mkono.

Akaniomba nisije tena uwanjani. Na nisiuimbe.

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuniita Mama hata mara moja. Nikamwambia najua si yeye aliyeuza wimbo, namsamehe. Akatazama dirisha langu lililo wazi, kisha akanitazama mimi.

Nimekubali kila kitu. Mama ni nani bila mwanawe? Nimelia kidogo, nimefunga dirisha, nimekaa. Kocha amesema mtoto atakaa benchi mpaka Mrefu aumie au azubae.

Azubae.

Jumatano, 15 Mei

Nimeamka mwepesi. Nimeshona foronya mbili zenye maua, nikaenda kumtembelea mama yake Mrefu. Anapiga nguo pasi nyuma ya soko. Uwanjani sikwenda, kwa hiyo ahadi iko palepale.

Nikamsifia mwanawe. Kumbe ni kufungulia mfereji! Mrefu alitembea mapema, Mrefu alisoma, Mrefu hivi, Mrefu vile. Kuna watu wana majivuno, unabaki kuwaonea huruma. Nikamwachia achoke. Kisha, kama mtu asiye na haja, nikasema, dada yangu, mtoto mrefu vile ulikuwa unamlazaje?

Akaweka pasi pembeni, akaniimbia. Beti zote, macho yakimeremeta. Sikumwomba mara mbili. Hakuuliza hata ninautakia nini. Nguo ikaungua kola, hakuona.

Nimesikitika kwa kweli. Wanawake wengine hawana kifua. Mambo ya ndani kabisa ya nyumba yake anampa mtu aliyekuja na foronya mbili, kesho mwanawe akidhurika atasema karogwa.

Wimbo wenyewe ni mzuri, una mahali unashuka katikati mpaka nywele zinasimama. Nilichelea kuusahau, nikatoka nikiuimba kwa sauti njia nzima, hadi kwenye foleni ya maji. Nilipowapita waliacha kuzungumza. Kisha mmoja akaupokea, na mwingine, na ndoo zikawa zinafurika, hakuna anayefunga bomba.

Wameushika upesi sana. Sijisifu, lakini sauti ninayo.