Chokaa ya Mama na Akili Zangu

Jumatatu, 9 Machi
Baba ametoa kauli: chumba chake cha juu ni tanuri. Kisipopoa kufikia Jumamosi, anahamia kwa dada. Kwa dada! Kwa shemeji na kiyoyozi chake cha kujitapia! Nyumba hii bila kikohozi cha Baba asubuhi si nyumba. Sikubali.

Zamani chumba hicho kilipoa. Kila kiangazi marehemu Mama alipanda juu ya paa la zege na ufagio, akalipaka chokaa, nasi watoto tukalala chini yake tukigombania shuka. Alikuwa akisema joto limekwenda zake mbinguni. Leo nimesoma gazetini kwamba ni kweli! Usiku usio na mawingu, paa hutupa joto lake angani, bila umeme. Kazi ni kuchagua cha kulifunika. Si chokaa, lakini. Mimi mtu wa kisasa.

Jumanne, 10 Machi
Nimetandaza karatasi za alumini, zile za kufungia chakula. Paa zima linameta! Jirani amelalamika kwamba mng'ao unamtoa machozi akinyoa ndevu. Wivu.

Jumatano, 11 Machi
Baba hakulala. Nimesoma ukurasa wa pili wa gazeti (ningeanza nao): kinachong'aa hukataa jua mchana, lakini usiku hung'ang'ania joto. Rangi nyeusi hulitoa vizuri. Nimebandua zote, jioni nimepaka nyeusi.

Alhamisi, 12 Machi
Ushindi! Alfajiri Baba aliomba shuka. Nikampigia shemeji simu kumpa pole.
Mchana mshumaa wa Baba umepinda mezani. Nilisahau kwamba paa hilohilo hukaa juani. Baba ameanza kukunja nguo zake. Shemeji amepiga kurudisha pole, akaongeza kwamba chokaa, kwa weupe wake, mchana hufukuza jua, na usiku, kwa kuwa haing'ai kama alumini, huachia joto. Nani kamuuliza?

Ijumaa, 13 Machi
Nilikwenda kutafuta vioo vikuukuu vya madirisha nifunike rangi yangu nyeusi, vikinge jua. Kurudi, naona ngazi ukutani, shemeji kaishika. Juu yuko Baba, na uzee wake wote, na ufagio wa Mama, nyusi nyeupe pee. Harufu ya chokaa mbichi ikanishukia. Nilitaka kugomba. Lakini nilimkumbuka Mama mno. Nikapokea ndoo.

Jumamosi, 14 Machi
Usiku poa, mchana poa. Baba amezirudisha nguo kabatini. Haendi popote, amesema, na Mama alijua kazi yake. Nimelia kidogo, nikasingizia chokaa imeniingia machoni. Shemeji naye amelala hapa: kiyoyozi chake kilikufa mwezi jana, alikuwa akificha. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Ila tusidanganyane. Kilichopoza chumba ni ile nyeusi yangu iliyo chini. Chokaa imeizuia tu kufanya makubwa. Kesho wakitoka, napandisha vile vioo. Mama angejivunia.