Maswali Kumi ya Zamu ya Mchana

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tangazo ubaoni! Msimamizi wa zamu ya mchana anastaafu. Nafasi itachukuliwa na mmoja wetu sisi wa zamu ya jioni. Sharti moja: kufaulu mtihani wa kusoma Kiingereza, maana maelekezo ya mashine mpya za kufulia yote yako kwa lugha hiyo. Kifungu kimoja cha habari, maswali kumi. Jumamosi ya wiki ijayo.

Lazima niipate. Sababu naiandika hapa tu, kwingine nitaona haya. Mke wangu anauza kwenye duka la dawa, zamu ya mchana. Mimi nafua shuka za hoteli na hospitali, zamu ya jioni. Akirudi yeye, natoka mimi. Nikirudi mimi, kalala. Akiondoka yeye, nimelala. Ndoa yetu iko mlangoni: ananipa funguo, nampa shavu, kwaheri. Nina hamu na mke wangu, na tunakaa nyumba moja!

Tumejiandikisha wawili tu: mimi na Mama Foronya, anayekunja foronya meza ya mwisho. Nilichekelea moyoni. Huyu mama husoma kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Boksi la sabuni hulisoma mpaka anwani ya kiwanda! Mtu wa hivyo atamaliza kifungu lini? Nafasi ni yangu. Nimeshaanza kuitembelea ile meza ya msimamizi na kujaribu kiti.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni mwalimu wa Kiingereza. Kaniletea karatasi za mazoezi. Kasema haya ni maswali ya undani: nani, lini, wapi, kwa nini. Kasema ni rahisi, jibu limo humohumo kwenye kifungu. Soma swali, tafuta mahali pake, soma sentensi ile, na ya kabla yake, na ya baada yake.

Sentensi tatu kwa swali moja! Ya nini kujichosha? Nimegundua njia ya mkato. Unachukua neno kutoka kwenye majibu, unalisaka kwenye kifungu. Ukilikuta, umemaliza. Weka duara.

Kifungu kilimhusu mwoka mikate aliyehamisha duka. Kwa nini alihama? Jibu la B lilitaja kodi ya pango. Nikasaka kodi. Hii hapa, mstari wa nne! Duara. Mtihani mzima nilimaliza kabla chai haijapoa.

Shemeji kasahihisha. Nimepata mawili. Kaniambia mstari wa nne unasema kodi iliwapanda majirani wote isipokuwa yeye. Alihama kwa sababu paa lilivuja. Nikamwuliza mbona neno kodi wameliweka pale. Kasema wameliweka makusudi, kwa watu kama mimi. Jibu la kweli, kasema, mara nyingi huvaa maneno mengine.

Huo si mtihani, huo ni utapeli. Nilitembea chumbani huku na huku mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Njia mpya. Jibu refu kuliko yote ndilo sahihi. Mantiki iko wazi: nani atahangaika kuandika uongo mrefu?

Wanahangaika. Nimepata mawili tena.

Kibaya zaidi, Mama Foronya anasoma wakati wa mapumziko. Kakaa kwenye kikapu cha taulo, kidole mstarini, midomo inacheza. Nilimpita mara tano kumwona kafika wapi. Alikuwa ukurasa uleule. Badala ya kunipa raha, ilinikera. Mtu anatafuta nini kwenye ukurasa mmoja muda wote huo?

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimebuni mpango wa kummaliza Mama Foronya. Nimemwazima kitabu kinene cha Kiingereza cha ufugaji wa nyuki, nilichokiokota hotelini tulipokwenda kuchukua shuka. Nimemwambia kwa siri, kama rafiki, kwamba kifungu cha mtihani kitatoka humo. Atapoteza wiki nzima kwa nyuki! Kanishukuru sana. Kaniita mwanangu. Nilisikia haya kidogo, ikapita.

Mke wangu leo alikuwa nyumbani, lakini nilikuwa najisomea, nikamwomba asinisemeshe. Akakaa tu pembeni ananitazama. Vumilia mama, nikamwambia, ni kwa ajili yetu. Kasema ndiyo maana anataka tuongee. Nikamwambia baada ya mtihani.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Shemeji kapandisha hasira. Kifungu cha leo kilimhusu mkulima aliyepanda mahindi kiangazi. Nikajibu kwamba alipanda masika. Kaniuliza masika nimeyatoa wapi. Nikamwambia mtu mwenye akili hapandi mahindi kiangazi. Kasema huyu kapanda, imeandikwa. Nikasema basi huyo ni kichwa maji. Kasema hatukuulizwa akili yake, tumeulizwa alipanda lini.

Tukabishana mpaka akafunga mkoba wake. Mlangoni akageuka. Kasema, Shemeji, jibu limo kwenye kifungu, halimo kichwani mwako.

Walimu wana wivu na watu wenye uzoefu.

Mama Foronya kamaliza sura ya tatu ya nyuki. Ananieleza habari za malkia wao bila kuulizwa. Kumbe zinavutia. Nikajiondoa haraka.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kesho mtihani! Mguu hautulii. Nimemwaga sabuni mara mbili. Nimetuma taulo za hoteli hospitalini.

Jioni, nikitoka, mke wangu kanishika mkono pale mlangoni. Alikuwa na maneno mengi na macho yaling'aa. Mimi kichwa kilikuwa kwenye mtihani, nikanasa machache: kachoka, zamu ya jioni, kuanzia tarehe ishirini na nne. Yanatosha. Kachoka na zamu yangu ya jioni, anataka iishe. Nikamwambia asijali, nakubaliana naye kwa kila kitu. Akanikumbatia hadi kofia ikaanguka. Hajanikumbatia hivyo siku nyingi.

Nilikwenda kazini ninaruka. Kwa kumbatio lile, kesho nawafunga midomo wote.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Siamini! Sitaki kuamini! Kifungu cha mtihani kilihusu dobi!

Dobi! Mimi! Udobi! Meneja kagawa karatasi, nimeona neno shuka, nimeona neno madoa ya damu, nikataka kumbusu. Mama Foronya kaanza na kidole chake mstari wa kwanza. Mimi kifungu nikakigeuza chini. Cha nini? Mtu aliyefua miaka yote hii asomeshwe kufua?

Binti wa kwenye kifungu alifua shuka zenye damu kwa maji gani? Baridi, hata mtoto anajua. A. Alizianika wapi? Kwenye kikaushio. C. Nani alifokewa? Wakunjaji. Kila kitu kikiharibika hufokewa wakunjaji. D. Nikateremka hivyo kama maji kwenye bomba. Swali la mwisho tu ndilo lilinitatiza, lilitaka rangi ya mlango wa nyumba ya binti. Rangi ya mlango siwezi kuijua kwa uzoefu. Nikageuza karatasi, nikatafuta. Kijani. Nikatoka wa kwanza, napiga mluzi.

Mama Foronya alibaki ndani mpaka wakamfungia madirisha.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Moja. Nimepata moja kati ya kumi.

Meneja kanisomea kifungu mwenyewe, polepole, mbele ya watu. Yule binti, mjinga yule, alifua damu kwa maji ya moto! Madoa yakagoma. Akazianika ukutani. Aliyefokewa ni muuza sabuni, hata hakuwepo! Nikamwambia meneja kwamba hakuna dobi duniani anayefua damu kwa maji ya moto. Kasema kweli kabisa, ndiyo maana wakatunga hadithi juu yake. Nikataka maswali yasahihishwe upya kwa kufuata udobi halisi. Kaniuliza kama nataka pia kuutoa mlango wa kijani, maana ndio pekee niliopata. Nikakunja karatasi yangu. Ule wa kijani ulikuwa bahati tu.

Mama Foronya kapata yote. Kaja kunishukuru kwa kitabu cha nyuki. Kasema kilimzoesha kusoma mambo asiyoyajua. Nilimpongeza. Meno yaliuma.

Nilijifungia kwenye chumba cha taulo, nikalia kidogo. Si kwa ajili ya cheo. Nilimkumbuka mke wangu na kumbatio lile la mlangoni, nikaona nimemwangusha. Nyumbani sijasema neno.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Mimi si wa kukata tamaa. Mpango mpya, na huu hauna mtihani.

Fundi wa kikaushio wa zamu ya mchana anatamani jioni. Mchana joto linamtesa. Nimemwomba tubadilishane. Kakubali kabla sijamaliza sentensi. Msimamizi wetu mpya, yaani Mama Foronya, kaniuliza kama nimeshauriana na mke wangu. Nikamwambia yeye ndiye aliyelilia jambo hili. Kakubali. Naanza Jumatatu, tarehe ishirini na nne, siku ileile aliyoitaka!

Simwambii. Nataka aone kwa macho yake.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Niliamka alfajiri, nikanyata. Mke wangu bado kalala fofofo. Nikasema moyoni, maskini, leo kachelewa kazini, acha ajipumzishe. Nikafua mchana kutwa nikitabasamu na kikaushio. Kazi ilipoisha nilikimbia. Nilikimbia kweli, mtu mzima.

Nilimkuta mlangoni. Kavaa koti jeupe la dukani. Mkoba begani. Anatoka.

Tulitazamana. Kaniuliza mbona narudi saa ambayo ndiyo kwanza natakiwa kwenda. Kasema kashinda ndani ananingoja, kapika, tule pamoja, tutoke pamoja. Kaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia mchana, nimehamia mchana, kwa ajili yako. Akajishika kichwa. Kumbe kaomba zamu ya jioni! Alimbembeleza mwenye duka mwezi mzima. Kaanza leo. Kasema kachoka kuishi kama wapangaji wawili, basi kaona anifuate, asubuhi zote ziwe zetu. Kasema alinieleza neno kwa neno hapahapa, nami nikamjibu nakubali kila kitu.

Machozi yalimlenga, kisha akacheka, kisha yakamtoka kabisa. Kanipa funguo. Nikampa shavu. Akaenda.

Shemeji kapita baadaye, kasikia kisa chote. Kaniuliza kwa nini sikumsikiliza mke wangu mpaka mwisho siku ile. Nikamwambia ya nini, nilikuwa najua tayari anachotaka kusema. Akajishika kichwa kama dada yake. Hana mume, hawezi kuelewa.

Nimeshapata ufumbuzi. Kesho alfajiri naomba kurudi zamu ya jioni. Shemeji kashauri kwanza nimwulize mke wangu, huenda naye usiku huu anapanga kurudi mchana. Haina haja. Mke wangu namjua.